Boxer hakufia hospitalini: ninavyoandika mwongozo wa riwaya

Mwongozo wangu wa kwanza ulikuwa wa kurasa kumi na mbili. Niliuchapa mwenyewe, nikaupeleka steshenari kutoa kopi, nikawagawia vijana ninaosoma nao vitabu kila Jumamosi nyumbani kwangu, Nkuhungu, hapa Dodoma. Riwaya ilikuwa Animal Farm ya George Orwell, hadithi ya wanyama wanaomfukuza mwenye shamba, Jones, kisha wanajikuta chini ya utawala wa nguruwe. Ukurasa wa nne niliandika hivi: "Boxer, farasi mchapakazi, anaugua na kufia hospitalini."

Wiki iliyofuata binti mmoja alikuja mapema kabla ya wenzake. Mkono mmoja ameshika mwongozo wangu, mwingine kitabu chenyewe, kidole kimebana ukurasa.

"Shikamoo, madam. Samahani, hapa umeandika alifia hospitalini. Lakini hospitali anaitaja Squealer. Sisi wasomaji tumeliona lile gari."

Alikuwa sahihi kabisa. Katika sura ya tisa gari linakuja kumchukua Boxer, na ubavuni mwake limeandikwa jina la mchinja farasi na mchemsha gundi. Punda Benjamin anawasomea wenzake maneno yale kwa sauti, wote wanalikimbilia gari wakimwita Boxer atoke. Siku tatu baadaye Squealer, msemaji wa nguruwe, anatangaza kwamba Boxer amefariki hospitalini akihudumiwa vizuri, na kwamba lile gari daktari wa mifugo alilinunua kwa mchinjaji, hajawahi tu kufuta jina la zamani. Wanyama wanafarijika. Na mimi, mwalimu, nilikuwa nimeuchukua uongo wa Squealer nikauchapa kama tukio, kwa sababu sehemu ile sikuisoma upya. Niliitoa kwenye muhtasari wa mtu mwingine, naye bila shaka aliitoa kwa mwingine.

Niliumia, kwa sababu vijana ishirini walikuwa tayari na karatasi ile nyumbani. Niliwaomba wazirudishe. Zilirudi kumi na moja.

Tangu siku hiyo nimeandika miongozo mingine, na huu hapa ndio utaratibu nilioushika. Nauandika kwa ajili ya walimu wenzangu na vijana wa chuo wanaoandaa madesa ya kuwauzia au kuwagawia wengine, hasa wanaogusa riwaya za aina hii ambazo wahakiki huziita distopia: hadithi za jamii iliyoahidiwa neema, ahadi ikageuka kifungo. Riwaya hizi zina hatari yake ambayo hadithi ya mapenzi haina. Ndani yake wenye mamlaka wanasema uongo, na uongo wao umeandikwa kwa lugha nzuri kuliko ukweli. Mwandishi wa mwongozo akisoma haraka, anaokota sauti iliyo juu zaidi, na sauti iliyo juu zaidi ni ya mwenye mamlaka.

Kwa hiyo jambo la kwanza: kila sentensi ya muhtasari wako iulize, "Nani anasema?" Mimi sasa nachora mstari katikati ya karatasi. Kushoto naandika yale ambayo msimuliaji anatuonyesha yakitokea. Kulia naandika yale ambayo mhusika anadai yametokea. Snowball, nguruwe aliyefukuzwa shambani, kuwa msaliti iko kulia. Ushujaa wa Snowball katika vita vya zizi la ng'ombe, pale alipojeruhiwa na risasi za Jones, uko kushoto. Ukimaliza sura zote kumi kwa namna hii, utaona upande wa kulia unavimba kadiri kitabu kinavyokwenda, na hapo tayari una hoja ya uhakiki ambayo hukuiokota kwa mtu. Mwanafunzi ukimpa mstari huo tu bila kumwandikia kitu kingine, umemsaidia kuliko ukimpa orodha ya dhamira kumi.

Sizidharau dhamira, migogoro, wahusika, muundo na mtindo. Mtihani unavitaka na lazima viwepo. Ila viweke mwisho. Mwongozo unaoanza na "Dhamira kuu: usaliti" umeshamwambia msomaji asihangaike na kitabu.

Anza na kitu kidogo kinachoshikika. Mimi sasa naanza na maziwa, na maziwa nilifundishwa na kijana wa Bahi.

Tulikuwa tunasoma mwisho wa sura ya pili. Wanyama wamemfukuza Jones, ng'ombe hawajakamuliwa siku nzima, chuchu zimejaa. Nguruwe wanawakamua, zinapatikana ndoo tano zenye povu. Wanyama wanaulizana maziwa yatafanywaje. Napoleon, mmoja wa nguruwe wanaoongoza, anasimama mbele ya ndoo na kuwaambia wasijali, mavuno ni muhimu zaidi, waende shambani. Wanakwenda. Jioni wanaporudi, inaonekana kwamba maziwa hayapo.

Mimi nilikuwa nageuza ukurasa. Yule kijana, ambaye amechunga ng'ombe wa babu yake tangu akiwa mdogo, akanizuia. "Ngoja, madam. Ndoo tano haziwezi kupotea. Nani alibaki nyumbani?" Akaanza kuhesabu kwa vidole: nani alikamua, nani alikwenda kuvuna, nani hakutajwa kwamba alikwenda. Kwao, akasema, maziwa ya ndoo moja tu yakipungua kikombe, mama anajua kabla hajayaonja.

Tulirudi kwenye sentensi ile tukaitazama upya. Haina mtendaji. Haisemi nani aliyachukua wala nani aligundua. Maziwa "hayapo", basi. Sura inafungwa hapo, na jibu linakuja sura inayofuata: yalikuwa yanachanganywa kwenye chakula cha nguruwe kila siku, na tufaha nazo zikafuata. Baadaye niligundua kwamba Orwell mwenyewe, katika barua aliyomwandikia rafiki yake Mmarekani mwaka 1946, alitaja mahali hapohapo, nguruwe kujichukulia maziwa na tufaha, kuwa ndipo hadithi inapogeuka. Miongozo mingi niliyowahi kuona inaweka mgeuko pale mbwa wanapomfukuza Snowball, kwa sababu pana kelele na mbio. Mchunga ng'ombe aliuona kwenye ndoo.

Ukishapata kitu kama hicho, kifuate hadi mwisho. Sentensi zisizo na mtendaji zinarudi. Mwisho wa sura ya tisa, baada ya Boxer kuchukuliwa, tunaambiwa nguruwe wamepata pesa kutoka mahali fulani wakanunua kasha jingine la wiski. Mahali gani? Kitabu hakisemi, na mwongozo wako usikimbilie kusema. Weka maneno yale mawili, "mahali fulani", karibu na lile gari la mchinjaji, kisha mwachie msomaji nafasi.

Kitu kingine ninachokifuata ni kusoma kwenyewe, yaani nani shambani anajua kusoma. Sura ya tatu inataja mmoja mmoja. Nguruwe wanasoma na kuandika bila shida. Mbwa wanasoma vizuri kiasi, ila hawataki kusoma kitu isipokuwa zile amri saba za shamba zilizoandikwa ukutani. Mbuzi Muriel anasoma kuwashinda mbwa, na jioni huwasomea wenzake vipande vya magazeti. Benjamin anasoma sawasawa na nguruwe yeyote lakini hasomi, anadai hakuna kinachofaa kusomwa. Clover, farasi jike, anajua herufi zote, kuziunganisha ziwe neno ndipo anaposhindwa. Boxer haendi zaidi ya D.

Sasa tazama ukuta. Nguruwe wanaanza kulala vitandani. Clover anakumbuka amri inayokataza vitanda, anakwenda ukutani, herufi anaziona, maneno hayashikiki. Anamwita Muriel amsomee. Muriel anasoma kwa uaminifu: mnyama asilale kwenye kitanda chenye shuka. Clover hakumbuki kama shuka zilitajwa, lakini ukuta ndio umesema, lazima zilitajwa. Baadaye amri ya kutoua inaongezewa "bila sababu", na ni Muriel tena anayesoma.

Kila ninapoandika mwongozo namfikiria Muriel. Hadanganyi hata neno moja. Anasoma kilichopo, sawasawa, kwa yule asiyeweza. Anachokosa ni kuuliza kama jana ukuta ulisema hivihivi. Na vijana wanaotegemea madesa yetu wako mahali pa Clover: kitu fulani wanakikumbuka, wanahisi hakiko sawa, kisha wanaona karatasi ya mwalimu inasema vingine na wanajitilia shaka wao wenyewe. Yule binti aliyenijia mapema hakujitilia shaka kwa sababu kitabu alikuwa nacho mkononi.

Kutokana na hilo, kila dai kwenye mwongozo wangu lina namba ya sura. Namba ya ukurasa siiweki, kwa sababu matoleo ni mengi na ukurasa wa 40 kwangu si wa 40 kwako, sura hazibadiliki. Andika "sura ya 6" pembeni, msomaji aende mwenyewe ukutani.

Historia ya mwandishi nayo iandikwe, lakini kwa kiasi. Jina lake halisi Eric Arthur Blair, alizaliwa Motihari, India, mwaka 1903, akawa polisi wa kikoloni Burma, akapigana vita vya Hispania na kupigwa risasi ya koo. Riwaya hii aliiandika kati ya mwisho wa 1943 na mwanzo wa 1944, wakati Uingereza na Urusi ya Stalin ni washirika vitani, na wachapishaji kadhaa waliikataa kabla haijatoka Agosti 1945. Aya moja inatosha. Katika dibaji aliyoiandikia tafsiri ya Kiukraini mwaka 1947, Orwell alieleza kwamba wazo lilimjia alipomwona mvulana wa kama miaka kumi akimchapa farasi mkubwa wa mkokoteni kila alipotaka kugeuka. Akawaza, wanyama hawa wangejua nguvu zao tusingewaweza. Hilo huwa naliweka kila mara. Hapa kwetu mtoto hahitaji kuelezwa mkokoteni. Punda wanaobeba maji wanapita mlangoni.

Lile jedwali la "Napoleon ni Stalin, Snowball ni Trotsky", yaani mpinzani wa Stalin aliyefukuzwa nchini, liwe fupi, na lisipewe kazi ya kitabu kizima. Stalin ndiye Napoleon, sawa. Lakini ukiishia hapo umemkosesha msomaji hata ule uangalifu wa Orwell kwa mtu aliyemchukia. Kinu cha upepo kinapolipuliwa, rasimu ilisema wanyama wote, Napoleon akiwemo, walijitupa kifudifudi. Kabla kitabu hakijachapwa aliomba isomeke "isipokuwa Napoleon", kwa sababu Stalin alibaki Moscow Wajerumani walipokaribia. Mtu anayebadilisha maneno mawili ili asimwonee adui yake anastahili kusomwa neno kwa neno.

Kwetu kuna kishawishi kingine, na sitaki kukipita kimyakimya. Tafsiri ya Kiswahili ya Fortunatus Kawegere, Shamba la Wanyama, ilitoka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Na mkoa huu ndio wa Operesheni Dodoma ya 1971, watu walipohamishiwa vijijini. Ni rahisi sana kuandika kwamba riwaya "inahusu Ujamaa". Haihusu, ilikuwa imeshachapishwa miaka kumi na sita kabla ya Uhuru. Lakini pia ni makosa kumkataza msomaji wa hapa asiyaone ya kwao. Jirani yangu, mzee aliyehamishwa akiwa kijana, nilimsimulia habari za kinu cha upepo, jinsi wanyama walivyokijenga huku chakula kikipungua. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama walipewa muda wa kuvuna kwanza. Swali hilo lina uzito kuliko kurasa tatu za jedwali. Nimeliweka kwenye mwongozo, katika sehemu ya mwisho niliyoiita "Tukisoma tukiwa hapa", na juu yake nimeandika wazi kwamba yafuatayo ni mawazo yetu wasomaji, si maelezo ya kitabu. Vitu hivyo viwili visichanganywe kwenye aya moja. Ukivichanganya, baada ya kopi tatu hakuna atakayejua kipi ni kipi.

Mengine ni ya haraka. Soma kitabu chote mara mbili kabla hujashika kalamu, mara ya kwanza bila kuandika chochote. Muhtasari usizidi ukurasa mmoja na nusu. Riwaya yenyewe ni fupi, mtu anaimaliza kwa siku mbili, na ukimwandikia kurasa nane za muhtasari umemwambia asiiguse. Majina ya wahusika yafuate toleo ambalo wasomaji wako wanalo. Na kabla ya kwenda steshenari, mpe mtu asiyekijua kitabu akusomee rasimu kwa sauti huku wewe umefungua kitabu. Mimi husomewa na mdogo wangu. Mara ya mwisho alinisimamisha mara tisa, na mara nne kati ya hizo nilikuwa nimeandika kitu ambacho kitabu hakikusema.

Mwongozo mpya wa Animal Farm umefika kurasa saba. Kifo cha Boxer nimekiandika hivi: "Sura ya 9: soma kilichoandikwa ubavuni mwa gari, kisha soma anachosema Squealer siku tatu baadaye." Sikuongeza neno.

Mwezi uliopita, baada ya kipindi cha Jumamosi, yule kijana wa Bahi alibaki nyuma akaniomba kitabu chenyewe akamsomee babu yake sehemu ya ndoo tano. Nilimpa nakala yangu, ile yenye mistari ya penseli. Hii ni wiki ya tatu bado iko huko, na ameniletea ujumbe kwamba babu anataka waendelee.