Maswali ya Wasomaji: Binti Yangu na Hawa BTS

SWALI: Binti yangu yuko kidato cha pili. Ukuta wa chumba chake umejaa picha za vijana saba wa Korea, BTS, na nyimbo zao anaziimba neno kwa neno ilhali Kikorea hakijui. Hivi wana nini hasa hawa? Au ni kampuni kubwa tu inayomwaga pesa za matangazo?
Mama Z., Tanga

JIBU: Mama Z., nianze na lugha. Wazazi wetu walikesha wakicheza Franco na Tabu Ley, na ni wangapi kati yao walijua Kilingala? Sauti ikishakuingia, maana unaitafuta baadaye. Siku hizi hata kuitafuta si kazi: wimbo wa BTS ukitoka Seoul, baada ya saa chache mashabiki wao, wanaojiita ARMY, wameshautafsiri kwa lugha chungu nzima bila kulipwa na mtu. Muulize binti yako anaimba nini. Naamini atakufafanulia ubeti kwa ubeti.

Kuhusu pesa, leo zipo, tena nyingi. Ila walipoanza Juni 2013, kampuni yao ya Big Hit ilikuwa ndogo, na soko la muziki wa Korea lilishikwa na kampuni tatu kubwa, SM, YG na JYP. Vijana wote saba walilala chumba kimoja. Walijirekodi wakifanya mazoezi, wakila, wakitaniana, wakaziweka video mtandaoni, na shabiki aliyeko Brazil akawajua kwa tabia zao kabla redio ya kwao haijawapiga hata mara moja. Mashabiki wa Marekani ndio waliozisumbua redio za huko kwa simu na ujumbe mpaka nyimbo zikapigwa. Mei 2018 albamu ya Love Yourself: Tear ikashika namba 1 kwenye Billboard 200, chati ya albamu ya Marekani, ya kwanza kutoka Korea kufika hapo. Desemba 2020 "Life Goes On", ulioimbwa karibu wote kwa Kikorea, ukaingia moja kwa moja namba 1 ya Hot 100, chati ya nyimbo ya hukohuko.

Lakini mimi walinishika kwa wimbo ambao haukuvunja rekodi yoyote, "Ma City" wa 2015. Humo wanaimba kwao: Ilsan, Busan, Daegu. Inapofika zamu ya J-Hope, mtoto wa Gwangju, anataja namba 062-518. Simu za Gwangju huanza na 062. Na 518 ni Mei 18, 1980, siku wananchi wa mji ule walipoanza kuupinga utawala wa kijeshi, wakauawa kwa risasi na marungu ya wanajeshi. Kijana wa miaka 21 ameuweka msiba wa mji wake ndani ya wimbo wa kuchezeka! Shabiki anayetaka kujua namba zile ni za nini anajikuta anasoma historia ya Korea, tena kwa hiari yake. Kwangu hapo ndipo ilipo siri yao. Hawakujifanya watu wa kila mahali ili wapendwe kila mahali.

Sikiliza pia wimbo "Idol" wa 2018. Wanapaza "eolssu" na "jihwaja", vibwagizo ambavyo Wakorea wamevitumia tangu zamani kushangilia ngoma zao za jadi, na kwenye uchezaji wamechanganya gwara gwara ya Afrika Kusini. Miguu ya binti yako pengine inaijua tayari.

Tahadhari yangu ni moja. Ndani ya albamu zao huwekwa kadi za picha za wasanii, na hujui umeangukia ya nani mpaka ufungue. Watoto hununua nakala tatu nne wakimsaka kipenzi chao mmoja. Mnunulie moja kwa moyo mweupe, muziki ni uleule. Akija kuomba ya pili, mwambie abadilishane kadi na wenzake shuleni.