Kupanga viwango vya posho ya safari: anza na bei ya chumba

Waandaaji wengi wa waraka wa posho huchukua kiwango cha zamani, huongeza asilimia fulani, kisha hupeleka kusainiwa. Kama kile cha zamani kilishapitwa na bei, kipya nacho kinazaliwa kimepitwa. Anzeni na chumba, maana ndicho kinachomeza sehemu kubwa ya posho.

Marekani, taasisi ya serikali iitwayo GSA hutangaza kila mwaka viwango vya posho ya safari vinavyoanza kutumika 1 Oktoba. Kwa malazi huchukua wastani wa bei za vyumba wa miezi 12, kisha hupunguza asilimia 5. Kwa mwaka wa fedha 2025, maeneo yasiyo na kiwango maalumu yalipewa dola 110 za malazi kwa usiku na dola 68 za chakula na matumizi madogo. Mafungu mawili, kila moja na hesabu yake. Hilo ndilo la kuiga.

Msipokuwa na takwimu hizo, pigeni simu. Nyumba za wageni kumi kwa kila mji zinatosha: chumba chenye choo ndani, mlango unaofungika vizuri, risiti halali ya kodi. Ulizeni bei ya siku za kawaida na ya msimu wa msongamano, kwa sababu Dodoma ya Bunge la bajeti si Dodoma ya Desemba. Zipangeni bei kutoka ndogo hadi kubwa, mchukue ya katikati. Wastani huvutwa juu na hoteli moja ya kifahari.

Kwenye chakula ndiko pesa huvujia. GSA hulipa asilimia 75 siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Safari ya siku nne kwa kiwango cha dola 68 huwa 51, 68, 68 na 51, jumla 238, si 272. Tena dola hizo 68 zimegawanywa: asubuhi 16, mchana 19, jioni 28, matumizi madogo 5. Semina ikilisha watu mchana, 19 zinakatwa. Waraka usiogawanya milo unamwacha mhasibu bila pa kushika: ama alipe yote, ama agombane na mtumishi. Kwenye fomu ya kuomba masurufu, yaani fedha anazopewa mtumishi kabla ya safari, wekeni swali hili: nani analipia malazi na chakula? Bila hilo, usiku mmoja hulipwa mara mbili.

Kuhusu cheo, Tanzania mwaka 2022 kima cha juu cha posho ya safari za ndani kilipanda kutoka shilingi 120,000 hadi 250,000, na cha chini kutoka 80,000 hadi 100,000; pengo kati ya vyeo likapanuka. Lakini dereva na mkurugenzi hununua chakula mji uleule, na mama lishe haulizi cheo. Fungu la chakula liwe moja kwa wote, kama GSA inavyofanya.

Anayetumia gari lake alipwe kwa kilomita, na hesabu ibebe matairi, matengenezo na uchakavu. Mafuta peke yake yanampunja.

Mwisho, andikeni siku za kurejesha masurufu. Kanuni za usimamizi wa fedha za umma za Kenya za 2015 zinatoa siku 7 za kazi baada ya mtumishi kurudi kituoni; akichelewa, anakatwa mshahara pamoja na riba. Chini ya sahihi ya waraka iwepo tarehe ambayo bei za vyumba zitaulizwa upya, na cheo cha afisa atakayeziuliza.