Mwaka wa baiskeli ya Kiingereza: anzia habu ya nyuma

Ukiletewa baiskeli kongwe ya Kiingereza, nembo na rangi ziache kwanza. Nembo huhamishwa, rangi hupakwa upya. Chukua kitambaa chenye mafuta ya taa, uinamie habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu. Ikiwa ya gia tatu, mara nyingi ni Sturmey-Archer ya Nottingham, na kiwanda hicho kiligonga tarehe kwenye chuma chenyewe. Ukisoma AW (jina la modeli), kisha 57, kisha 3, habu hiyo ni ya Machi 1957. Za kabla ya Vita Kuu ya Pili zina tarakimu moja: AW yenye 8 ni ya 1938, wala si 1928, kwa kuwa AW ilianza 1936. Msasa usiguse hapo kamwe! Alama zile hazina kina, zikifutika zimekwenda.

Ila umepata umri wa habu tu, na magurudumu hubadilishwa. Hesabu spoku. Kwa miongo mingi Waingereza waliweka 32 mbele na 40 nyuma. Ukikuta 36 nyuma, chunguza zaidi. Tazama pia kifuniko cha tundu la mafuta: cha chuma ni cha zamani, cha plastiki kilianza mwishoni mwa miaka ya 1950.

Nyingi zilizoletwa Afrika Mashariki hazina gia. Hapo mimi huenda kwenye sproketi ya mbele, gurudumu la meno linalovuta mnyororo, na kutazama umbo lililokatwa ndani yake. Vichwa vya korongo ni Raleigh, mkono wazi ni Rudge, watu watano ni Humber. Raleigh iliinunua Humber 1932, Rudge 1943, na 1960 Hercules na Phillips zikaunganishwa nayo. Basi fungua kikombe cha ekseli ya pedali, upime nyuzi zake za skrubu. Raleigh ilitumia nyuzi 26 kwa inchi, wengi wengine 24. Hercules yenye 26 karibu hakika ni ya baada ya muungano huo, hata muuzaji aape ni ya babu yake.

Vyuma vilivyopakwa rangi nyeusi kiwandani, pale ulipotarajia kromu, huashiria miaka ya vita. Mng'aro wa umanjano ni nikeli, kwa kawaida ya kabla ya 1930.

Namba ya fremu iandike, lakini kwa Raleigh za kabla ya 1973 iweke mwisho: mifululizo yake imevurugika mno. Mteja mpe kipindi, mfano 1957 hadi 1958, na umwonyeshe alama uliyoisoma.