Nyaya juu ya reli ya zamani Dodoma–Ihumwa

Swali ni kama treni ya SGR (reli mpya ya umeme) inaweza kupita kwenye reli ya zamani ya Dodoma–Ihumwa ikitundikiwa nyaya za umeme juu. Hapana, haiwezi hata ukitundika nyaya leo. Reli ya zamani ina upana wa milimita 1,000, SGR ni 1,435; magurudumu hayakai. Ila treni nyingine ya umeme, iliyotengenezwa kwa upana huo, inawezekana kabisa. Malaysia wanaendesha treni za mijini kwenye reli ya upana wa mita moja kwa volti 25,000, umeme uleule wa SGR yetu.

Waya wenyewe si kazi ngumu. Shida iko chini yake. Umeme unarudi kupitia reli, kwa hiyo kila kiungio kilichofungwa kwa bolti lazima kiunganishwe kwa waya mnene wa shaba, la sivyo mkondo utatafuta njia nyingine ardhini na kuvuruga taa za ishara na simu za reli. Uzio wa chuma na mapaa ya bati yaliyo karibu na njia yaunganishwe na ardhi, maana hushika chaji bila kuguswa na waya. Na kwenye makutano na barabara weka vizuizi vya urefu: lori lililopakia juu mno likigusa waya, mtu anakufa.

Kama ni treni mbili tu asubuhi na mbili jioni, mimi ningechagua mabehewa ya dizeli (yenye injini zake yenyewe) kwanza. Umeme unalipa treni zikiwa nyingi na vituo vikiwa karibu karibu, kwa sababu mota huondoka haraka na hurudisha umeme kwenye waya inapofunga breki.