Gia ni Sikio: Majibu kwa Wapanda Pikipiki

Maswali ya "pikipiki gani haili mafuta" nimeyaweka kando yote. Jibu mnalo: ile inayoendeshwa vizuri. Tuendelee na mengine.

Fundi, nibadilishe gia nikifika spidi ngapi? (Fuoni)

Hakuna namba, na anayekupa namba moja ya kila mahali anakudanganya. Spidi 40 ukiwa peke yako barabara ya Tunguu, gia ya nne haina tabu. Spidi hiyo hiyo ukiwa na abiria na upepo wa kusi unakupiga kifuani, pengine ni ya tatu. Vyombo vyetu vingi vya cc 125 na 150 havina saa ya kuonyesha mizunguko ya injini, basi sikiliza. Ukiongeza resi chombo kikatetemeka, cheni ikagongagonga na mwendo usipande, gia ni kubwa: shusha. Injini ikilia kwa sauti nyembamba na vikanyagio vikawasha nyayo, pandisha.

Kutembelea gia kubwa si ndiyo kubana mafuta? (Mwanakwerekwe)

Hili naletewa kila mara, na kila mara kwa maneno hayo hayo. Kwenye tambarare, kwa mkono mwepesi, ndiyo. Lakini wengi wenu mnatia ya tano hata soko hamjalipita, kisha mnakamua resi mpaka mwisho ili injini isizime. Injini ndogo hizi huvuta vizuri zikikaribia mizunguko 5,000 au 6,000 kwa dakika. Ukizilazimisha chini sana ya hapo, joto linapanda, beringi za chini zinabeba mzigo usio wao, na ndani ya silinda unasikia chuma kinagonga. Petroli hukuiokoa. Pesa yake unaiweka gereji, na siku ya kuitoa utaitoa pamoja na ya konrodi, ule mkono unaoshika pistoni.

Nikishuka mlima naweka gia huru (nyutro) na kuzima injini. Mwenzangu ananigombeza. Kuna ubaya gani? (Mkoani)

Mwenzako ana haki, na wewe unayeteremka kwenda bandarini ulitakiwa uujue ubaya huo kuliko mimi. Milima ya Pemba si mirefu, lakini mingi imesimama, na chini yake mara nyingi kuna kona. Ukiweka huru umebaki na breki tu. Breki za ngoma zikipata moto zinalegea, na ukiwa umepakia magunia ya karafuu zinalegea mapema zaidi. Ukizima injini, kwa vyombo vingi na taa ya mbele inazimika.

Shuka na gia ile ile ambayo ungeupandia mlima huo. Ichague juu, kabla hujaanza kuteremka. Achia resi, injini ikushike, breki ziwe za kusaidia. Ukilazimika kushusha gia katikati, punguza mwendo kwanza kwa breki, kisha shusha moja moja: bana klachi, kanyaga, gusa resi kidogo, achia klachi taratibu. Ukiiachia kwa pupa, tairi la nyuma linaganda, na lami ikiwa na mchanga au masika yameanza utalala chini wewe na karafuu zako.

Wenye Vespa za kuchanganya oili na petroli mna jambo lenu. Oili yenu inaingia pamoja na mafuta, kwa hiyo ukifunga resi mteremko mzima huku injini inazunguka kwa kasi, pistoni inakauka. Fungueni kidogo kila baada ya muda. Sikusema muweke huru.

Injini inalia lakini chombo hakiendi. Pleti za klachi zimebadilishwa mara mbili. (Wete)

Umetia oili gani? Klachi ya pikipiki nyingi inaogelea ndani ya oili ya injini, na baadhi ya oili za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, ambayo huifanya iteleze. Tazama kopo, utafute maandishi ya JASO MA au MA2. Waya wa klachi nao usikazwe kupita kiasi, uwe na ulegevu kidogo. Yote hayo yakiwa sawa, basi tatizo ni mkono wako wa kushoto. Anayesimama mlimani kwa kuachia klachi nusu, badala ya kushika breki, atazila hata pleti za tatu.

Yangu haina klachi ya mkono. Lazima niachie resi nikitia gia? (Jambiani)

Lazima.

Nimeshauriwa nitie sproketi kubwa nyuma ili ivute. Ni kweli? (Konde)

Kweli, itavuta. Spidi ya juu itapungua na kwenye lami injini italia zaidi, usije ukaniuliza kwa nini. Cheni na sproketi zote mbili badilisha kwa pamoja. Cheni kuukuu juu ya meno mapya huyamaliza haraka. Ila katika barua yako umetaja "abiria watatu na mzigo". Hiyo mishkaki, kupakia watu kwa kuwapanga kama nyama kwenye kijiti, haihitaji sproketi. Wateremshe wawili.