Umeongeza mashudu, mbona maziwa ni yale yale?

Kiangazi kikikolea, simu za wafugaji wenzangu huwa za aina moja: "Nimeongeza mashudu ya alizeti, yale makapi ya kukamua mafuta, lita hazipandi." Mimi huuliza mambo mawili tu. Ng'ombe anatoa lita ngapi kwa siku? Na hayo mashudu unampa pamoja na nini?

Mashudu yanayotufikia kutoka Singida na Dodoma yana proteini, hilo halina ubishi. Kazi ipo kwenye rumeni, lile tumbo kubwa la kwanza. Humo bakteria huivunja upesi sehemu kubwa ya proteini ya alizeti ikawa amonia. Wakipata wanga wa kutosha, wanaitumia amonia hiyo kujijenga na kuzaliana, kisha wao wenyewe wanashuka hadi tumbo la nne na kumeng'enywa. Wasipoupata, amonia inaingia kwenye damu, ini linaigeuza urea, ng'ombe anaikojoa. Pesa yako imeishia sakafuni.

Kwa hiyo anza na kilicho rahisi: mashudu yaende na pumba za mahindi au molasi, na uyagawe mara 2 au 3 kwa siku badala ya kuyamwaga horini kwa mkupuo. Kama ng'ombe wako ni wa lita 8 au 10, ishia hapo. Bakteria wanamtosha, na ubora wa proteini yao unaishinda ile ya mashudu. Wauzaji wa chakula hawatakuambia hivyo.

Wa lita 15 kwenda juu, hasa miezi 3 ya kwanza baada ya kuzaa, ni habari nyingine. Huyo anahitaji pia proteini inayovuka rumeni bila kuvunjwa.

Mimi napenda kaliandra, mti mdogo wa malisho, kwa sababu naikata ukingoni mwa shamba. Tanini yake, ile dawa ya ukakasi iliyo kwenye majani, huishika proteini ikiwa rumeni, halafu asidi ya tumbo la nne huiachia. Majaribio ya Embu, Kenya, yalionyesha kwamba kilo 3 za majani mabichi hushika nafasi ya kilo 1 ya chakula cha dukani. Mpe yakiwa mabichi, yamekatwa siku hiyo hiyo, yamechanganywa na majani tembo. Yakikaushwa hayameng'enyeki vizuri. Na yasizidi theluthi ya mlo. Tanini ikizidi inafunga hata kile ulichotaka kifunguliwe, na ng'ombe anaanza kusuasua kula.

Soya nayo inafaa, ila ikaange ili proteini yake ivuke rumeni. Moto wa wastani, sufuria pana, mwiko usitulie. Inapoanza kunukia, toa punje moja uipasue: ndani iwe imegeuka rangi ya dhahabu, isiwe na ubichi wa kijani wala weusi. Ipua uitandaze ipoe, maana ikirundikwa ingali ya moto inaendelea kuiva. Iliyoungua proteini yake imefungamana na sukari, haimeng'enywi tena popote. Na soya mbichi usiichanganye kamwe na urea, ile inayotiwa kwenye chakula cha ng'ombe: ina kimeng'enya kinachoivunja urea kwa kasi, na amonia hiyo inaweza kumuua ng'ombe.

Dagaa wa kusaga nao wanavuka rumeni vizuri, ila ni ghali na wengi wamechanganywa na mchanga. Kabla hujalipa, tia konzi moja kwenye glasi ya maji, koroga, uangalie kinachotuama chini.