Roseanna: toleo la zamani au jipya?

Ndugu, kwa Roseanna, riwaya ya upelelezi ya Sjöwall na Wahlöö, nunua lolote utakalopata kwa bei nafuu, hata lililochakaa. Kitabu kilitoka Uswidi 1965, Lois Roth akakitafsiri kwa Kiingereza 1967, na tafsiri hiyohiyo ndiyo iliyorudiwa kwenye matoleo ya baadaye. La wachapishaji Harper Perennial la 2006 limeongezewa dibaji ya mwandishi Henning Mankell. Nzuri, ila isome mwisho. Maiti ya mwanamke inaopolewa kwenye mfereji wa Göta, halafu mpelelezi Martin Beck anahangaika miezi hajui hata ni nani. Wewe jina umeshalisoma jaladani, yeye bado! Kama unapenda mbio na risasi, hapa utasinzia: ni simu, barua na kusubiri.